Emil Hansen: Mpaka rangi aliyeifanya hamira ijitaje yenyewe

Mandazi uliyokula asubuhi yaliumuka kwa kazi ya hamira. Sasa jiulize: seli hiyo ndogo ikikosa chakula, hufanya nini? Hamira nyingi hazikai tu zikingoja kufa. Ndani ya seli moja hutengenezwa spora, mara nyingi nne, zenye ukuta mgumu. Hizo hulala hadi chakula kirudi.

Mtu aliyelifanya jambo hilo liwe na faida kubwa ni Emil Christian Hansen. Alizaliwa 1842 mjini Ribe, Denmark, katika familia isiyo na pesa. Kama wewe unahangaika na karo, hebu msikilize huyu. Alifanya kibarua cha kupaka nyumba rangi, akafundisha watoto majumbani, na akaandika hadithi ili alipie masomo. Mwaka wa 1876, akiwa na miaka 34, alishinda medali ya dhahabu kwa insha kuhusu kuvu wanaoota kwenye kinyesi cha wanyama. Ndiyo, kinyesi! Mwaka huohuo, yeye na mwenzake walitafsiri kwa Kidenmark kitabu cha Charles Darwin kuhusu safari ya meli ya Beagle.

Mnamo 1879 alipewa idara katika maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg, jijini Copenhagen. Huko kulikuwa na shida: bia ilikuwa ikiharibika, inakuwa chungu na kunuka vibaya. Louis Pasteur alikuwa ameonyesha kuwa bakteria huharibu bia, kwa hivyo wengi walielekeza kidole huko. Hansen akashuku hamira yenyewe. Je, kama ndani yake kuna wageni wasioalikwa?

Tatizo ni kwamba ukizitazama kwa hadubini, hamira nzuri na mbaya zinafanana kama pacha. Utazitofautisha vipi? Hapo ndipo spora zilipomsaidia. Hansen alichukua seli changa zilizoshiba, akaziweka juu ya kipande cha plasta chenye unyevu, bila chakula, kisha akahesabu saa. Kumbe kila aina ina muda wake wa kutoa spora kwenye kiwango fulani cha joto! Katika joto lilelile, hamira za mwituni kwa kawaida hutangulia zile za kiwandani. Saa na kipimajoto vikawatambua wahalifu.

Kisha akafanya jambo gumu zaidi: kutenga seli moja tu na kuikuza hadi ijaze mapipa. Novemba 1883 kiwanda kikaanza kutumia hamira hiyo safi. Mwenye kiwanda, J. C. Jacobsen, angeweza kuifungia kabatini atajirike peke yake. Badala yake aliwagawia watengenezaji wengine bure, na mbinu ya Hansen ikaenea duniani.

Hansen alifariki 1909. Alijua spora hutokea lini, lakini hadubini ya mwanga haikuweza kumwonyesha vizuri jinsi zinavyojengwa. Hadubini ya elektroni ilikuja 1931, kazi ya Ernst Ruska na Max Knoll jijini Berlin, na baadaye watafiti wakachungulia ndani ya hamira yenye njaa. Waliona kiini kikichomoza pande nne bila ngozi yake kupasuka. Kila upande ulifunikwa na utando mpya, kama mkono unaoingia kwenye mfuko. Utando ulipofunga mdomo, ukuta ulijengwa kati ya matabaka yake mawili. Ile seli mama ikabaki ganda tu la kuwabeba wanne hao.

Kwa hivyo ukifungua pakiti ya hamira jikoni na unga ukaumuka bila harufu ya ajabu, kumbuka kuwa kukuza hamira safi kiwandani kulianza na huyu jamaa. Hakuwa na mashine kubwa. Alikuwa na plasta, saa, na subira ya kungoja njaa ifanye kazi yake.