RASHIDI KAWAWA: MUHOGO MCHUNGU ALIYEKUWA MTAMU

  Mwaka huu mlezi wa Chama cha Kiswahili alituagiza kila mmoja aandike maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kufa, akatukataza kuwarudia wale wale wa kila mwaka. Nami nimemchagua Rashidi Mfaume Kawawa wa Tanzania. Najua wapo watakaonung'unika kwamba Kenya watu hawajaisha. Subirini kidogo, mtaona sababu yangu.

Kawawa alizaliwa mwaka 1926 huko Songea, kusini mwa Tanganyika. Alisoma Dar es Salaam, kisha akaenda Shule ya Serikali ya Tabora, shule yenye jina kubwa ambayo Julius Nyerere alikuwa amepita kabla yake. Zama hizo mwanafunzi hodari akimaliza Tabora macho yake yalikuwa Makerere, Uganda. Kawawa angeweza kuifuata njia hiyo. Lakini nyumbani kulikuwa na wadogo zake waliohitaji kusomeshwa. Basi akaiacha Makerere, akatafuta kazi ya ukarani serikalini ili apate mshahara wa kuwalipia. Nilipofika hapo katika kusoma kwangu niliweka kitabu chini kidogo. Nitawaeleza kwa nini.

Baadaye alihamia idara ya ustawi wa jamii. Huko alifanya kazi na kikosi cha sinema, yale magari yaliyozunguka vijijini na mashine ya kuonyeshea picha na kitambaa cheupe. Jua likizama watu walikaa chini kutazama. Babu yangu anasema hata huku kwetu kando ya Ziwa magari kama hayo yalifika, na watoto walizunguka nyuma ya kitambaa kuwatafuta watu waliokuwa ndani yake!

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kampuni moja ya Afrika Kusini ilishirikiana na serikali ya kikoloni kutengeneza filamu za Kiswahili. Waigizaji walikuwa Waafrika, na mmojawapo ni huyu karani wetu. Filamu iliyompa jina iliitwa Muhogo Mchungu. Kawawa mwenyewe ndiye aliyekuwa Muhogo Mchungu, mtu wa shamba anayeingia Dar es Salaam asiyejua ujanja wa mji mkubwa. Ilikuwa filamu ya kuchekesha. Nasi tunaoishi karibu na soko la Kibuye tunawajua akina Muhogo Mchungu. Njoo Jumapili soko linapofurika uone mtu ametoka mashambani na pesa kwenye soksi, anauziwa viatu viwili vyote vya mguu wa kushoto.

Jamani, fikirini jambo hili. Kijana msomi wa Tabora anakubali kujifanya mshamba mbele ya umati ili watu wacheke. Hakuogopa kuonekana mdogo. Mimi naona hapo ndipo alipojifunza uongozi, maana tangu siku hizo alizoea kusimama mbele za watu na kusema nao kwa lugha wanayoielewa.

Kutoka kwenye sinema aliingia katika vyama vya wafanyakazi. Shirikisho la wafanyakazi wa Tanganyika lilipoundwa mwaka 1955 alikuwa katibu mkuu wake wa kwanza. Mwaka 1956 aliacha kazi ya serikali, kwa sababu mtumishi wa serikali hakuruhusiwa kuingia siasa, akawa mtu wa TANU waziwazi. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, Nyerere akiwa waziri mkuu. Wiki sita tu baadaye, mwezi wa Januari 1962, Nyerere alijiuzulu ili akakijenge chama, na kiti akakalia Kawawa. Desemba mwaka huo nchi ikawa jamhuri. Nyerere akarudi akiwa rais, naye Kawawa akawa makamu wake. Wengine wangekaliwa na uchungu, wakatafuta jeshi. Yeye alimpisha mwenzake, akaendelea na kazi. Watu wakamwita Simba wa Vita.

Sasa sababu yangu ya kwanza, na hii inatuhusu wanachama wote. Januari 1967 Kawawa, akiwa makamu wa pili wa rais, ndiye aliyetangaza kwamba shughuli za serikali zifanywe kwa Kiswahili. Sisi hapa Kenya, bunge letu lilingoja mpaka mwaka 1974 ndipo likaanza kusema Kiswahili. Yule Muhogo Mchungu alitutangulia kwa miaka saba!

Sisemi alikuwa malaika. Alikuwa waziri mkuu kuanzia 1972 mpaka 1977, miaka ambayo mamilioni ya wanavijiji walihamishiwa vijiji vya ujamaa, na wengi walihamishwa kwa nguvu. Mwenye kuandika maisha ya mtu aandike na hayo pia. Alifariki Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2009, mimi nikiwa bado sijazaliwa.

Sababu yangu ya pili ni ya nyumbani. Kaka yangu mkubwa aliacha shule akiwa Kidato cha Pili baba yetu alipofariki. Alikuwa akinishinda mbali katika hesabu. Sasa yuko Kibuye kwa mafundi wa mabati, anagonga masanduku ya shule, yale tunayoona wenzetu wa bweni wakibebewa juu ya matatu kila shule zikifunguliwa. Sare hii niliyovaa na pesa yangu ya chakula cha mchana zimetoka kwenye nyundo yake.

Muhula uliopita nilipita hapo na wenzangu wa darasa. Alikuwa amejaa masizi, kaptura imeraruka. Aliinua mkono kunisalimu. Nami niligeuza uso nikajifanya natazama mkokoteni wa mitumba. Wenzangu hawakujua lolote. Yeye alijua. Jioni alinipa pesa ya kesho kama kawaida, hakusema neno, na nilitamani angenichapa.

Niliposoma kwamba Kawawa aliiacha Makerere kwa ajili ya wadogo zake, niliona aibu ile upya. Kumbe huyo anayebaki nyuma ili mwingine apite mbele si mtu wa kufichwa. Wadogo zake Kawawa, sidhani kama walimpita barabarani wakimkana.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Kibuye, nikamwomba kaka msamaha mbele ya mafundi wenzake. Alicheka tu, akanipa koleo nimshikie bati. Sasa nashika kila Jumapili. Wenzangu mkinikuta huko na masizi usoni msigeuze uso, njooni niwajulishe kwa kaka yangu.

Nafasi niliyopewa imekwisha. Kwaherini, tuonane mwaka ujao Mungu akipenda.