Dk. Turner: Daktari aliyewatambua wasichana wasiovunja ungo

MSICHANA wa Igowole, wilayani Mufindi, anayefikisha miaka 15 bila kuota matiti wala kuvunja ungo, huku wenzake wa darasa moja wakimpita kwa kimo, hawezi kuificha hali yake. Huenda akadhaniwa amerogwa, na huenda lawama zikamwangukia mama aliyemzaa.

Miongoni mwa sababu zinazoweza kuleta hali hiyo, ipo moja inayoitwa kwa jina la daktari wa Marekani, Dk. Henry Hubert Turner. Aliwaona wasichana hao vizuri kuliko wengi waliomtangulia, lakini kuhusu chanzo cha tatizo lao alikosea.

Dk. Turner alizaliwa Agosti 28, 1892 mjini Harrisburg, jimbo la Illinois. Alihitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Louisville mwaka 1921, mwaka uleule ambao insulini iligunduliwa nchini Kanada. Elimu ya homoni ilikuwa changa, naye akaichagua kuwa fani yake, akitibu wagonjwa mjini Oklahoma City na kufundisha katika Chuo Kikuu cha Oklahoma.

Mwaka 1938 alichapisha taarifa ya wagonjwa saba wa kike, wenye umri wa kati ya miaka 15 na 23. Wote walikuwa wafupi na miili yao ilibaki ya kitoto. Shingo zao zilikuwa na mikunjo ya ngozi iliyoshuka hadi mabegani, nywele za kisogoni ziliota chini mno, na mikono yao ilipinda kwa nje kwenye viwiko.

Kabla ya hapo, msichana wa namna hiyo aliweza kuhesabiwa kuwa mbilikimo tu. Dk. Turner aliziweka dalili hizo pamoja na kuonyesha kwamba ni hali moja. Kwa haki, hakuwa wa kwanza kabisa: Shereshevsky wa Urusi alikwisha kueleza hali kama hiyo mwaka 1925, naye Otto Ullrich wa Ujerumani akamweleza mtoto wa kike wa miaka minane mwaka 1930.

Alipotafuta chanzo, Dk. Turner aliishuku tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo. Aliwapa wagonjwa wake dawa zilizotokana na tezi hiyo, lakini hazikufua dafu.

Mwaka 1942, makundi mawili ya watafiti wa Marekani yalipima mkojo wa wasichana wenye hali hiyo na kukuta homoni za pituitari zimejaa tele. Kumbe tezi ilikuwa ikiita kwa nguvu. Ovari ndizo zilizoshindwa kuitika. Kilichokosekana ni estrojeni, homoni ambayo ovari hutengeneza, na waliopewa homoni hiyo waliweza kuota matiti na kupata hedhi.

Swali la kwa nini ovari zishindwe lilingoja hadi mwaka 1959, Dk. Turner akiwa na umri wa miaka 66. Charles Ford na wenzake nchini Uingereza walichunguza seli za msichana wa miaka 14 na kukuta kromosomu 45 badala ya 46. Alikuwa na X moja tu, wakati mwanamke kwa kawaida huwa na mbili. Mwaka 1938 hakuna ambaye angeweza kuliona hilo, kwani hata idadi kamili ya kromosomu za binadamu ilithibitishwa mwaka 1956.

Hali hiyo humpata takriban mtoto mmoja kati ya kila wasichana 2,000 hadi 2,500 wanaozaliwa. Hutokea kwa bahati tu wakati mbegu au yai linapoumbwa, au punde baada ya mimba kutungwa. Si kosa la mama wala la baba. Akili huwa za kawaida kwa walio wengi. Wachache huanza kubalehe wenyewe, hasa wale ambao baadhi ya seli zao zina X mbili.

Anayegunduliwa mapema huanzishiwa estrojeni kidogo kidogo kuanzia miaka 11 au 12, ili abalehe pamoja na rika lake na mifupa yake iimarike. Moyo na figo navyo huchunguzwa, kwa kuwa kasoro za viungo hivyo si haba, na ya moyo yaweza kuua.

Dk. Turner aliitumikia jumuiya ya madaktari wa homoni ya Marekani kwa miaka mingi akiwa katibu wake. Alifariki dunia Agosti 1970, akiwa na miaka 77. Warusi hulitaja jina lake pamoja na la Shereshevsky, na Wajerumani pamoja na la Ullrich.