Speke na Macho Yake

Wengi wetu tulifundishwa shuleni jina la John Hanning Speke, Mwingereza aliyepeleka Ulaya habari za Ziwa Nyanza, ambalo wazee wetu walilijua tangu zamani. Leo twapenda kueleza jambo lisilosemwa sana, nalo ni kwamba safari ile aliifanya akiwa na macho yasiyopona sawasawa.

Speke alizaliwa tarehe 4 Mei 1827, akawa askari huko Bara Hindi. Mwaka 1857 yeye na Richard Burton walitoka pwani, wakafika Kazeh, yaani Tabora, mwezi Novemba. Walipokuwa wakielekea Ujiji, macho ya Speke yalipatwa na ugonjwa mkali, hata akaona kila kitu kama kimefunikwa na ukungu. Tarehe 13 Februari 1858 msafara ulifika mahali Ziwa Tanganyika linapoonekana. Wenzake waliyaona maji wakafurahi. Yeye, baada ya taabu zote zile, hakuona ila mwanga uliomchoma.

Ukali wa ugonjwa ulipungua, lakini macho yalibaki dhaifu. Hata hivyo, mwezi Julai aliondoka Kazeh kwenda kaskazini, Burton akabaki nyuma. Msaidizi wake alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyepata kuwa mtumwa, na wawili hao walisemezana Kihindi.

Walipita nchi ya Wasukuma, katika mkoa tunaouita leo Shinyanga. Wanaoujua watakumbuka mbuga zake wakati wa kiangazi, jua kali na kivuli haba. Speke alivaa miwani ya rangi ya kijivu ili kuyakinga macho. Lakini watu hawakuwa wamezoea kitu kama hicho. Walimzunguka, wakainama kuchungulia chini ya kofia yake, wamtazame mtu mwenye macho manne. Mwisho ilimbidi aivue, akaendelea na safari katika mwanga ule ule uliomwumiza.

Tarehe 3 Agosti 1858, karibu na Mwanza, aliliona ziwa. Safari hii aliliona mwenyewe. Mwaka 1860 alirudi pamoja na James Grant, wakapita Uzinza, upande wa Geita, na tarehe 28 Julai 1862 akafika Jinja, Mto Nile unapotoka ziwani. Alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe tarehe 15 Septemba 1864, alipokuwa akiwinda kwao Uingereza, mwenye umri wa miaka 37.

Ndugu zetu, maisha haya yatukumbushe kwamba wekundu wa jicho waweza kuisha na madhara yakabaki. Ndivyo ilivyo kwa trakoma. Mtoto huambukizwa mara kwa mara, kope huota makovu kwa ndani, na miaka mingi baadaye nywele za kope hugeuka na kukwaruza jicho hadi upofu. Speke hakuwa na zahanati njiani. Sisi tulio nayo tusingoje ukungu. Tuwaoshe watoto nyuso kwa maji safi, na jicho linaloendelea kuuma au kuona vibaya tulipeleke likatazamwe mapema.