Otis Redding: Dereva aliyeomba kuimba

Ushawahi kumsindikiza mwenzako kazini, kisha nafasi ikakuangukia wewe? Basi msikie Otis Redding.

Alizaliwa 1941 jimbo la Georgia, Marekani, akakulia mjini Macon. Babake alipougua, aliacha shule mapema ili asaidie familia. Mwaka 1962 alimpeleka kwa gari mpiga gitaa Johnny Jenkins hadi studio ya Stax, Memphis. Siku hiyo kazi ya Jenkins haikunoga. Dakika zilizosalia, dereva akaomba aimbe wimbo wake mwenyewe, These Arms of Mine. Huo ndio uliomfungulia milango.

Na usidhani alijua kuimba tu. Respect, ambao pengine unaujua kwa sauti ya Aretha Franklin, aliutunga yeye na kuutoa 1965.

Desemba 10, 1967, ndege yake ilianguka katika Ziwa Monona, Wisconsin. Alikuwa na miaka 26 tu. Siku chache kabla alikuwa amemaliza kurekodi The Dock of the Bay. Mwaka uliofuata ukapanda hadi namba moja Marekani, mwenyewe hayupo.

Kwa hivyo hata ukiitwa kuendesha gari tu, nenda na wimbo wako.