Alfred Angas Scott na Kiki ya Pikipiki

Sikukuu ya Uhuru ikipita, familia nyingi hapa Bowie tutakwenda nyumbani likizo, na watoto watataka kupanda bodaboda. Watoto wetu, mkimwona dereva anapiga kiki, mkumbukeni Alfred Angas Scott, aliyezaliwa mwaka 1875 kule Bradford, Uingereza. Pikipiki zake zilitoka 1908 zikiwa na kiki, wakati wengi bado walisukuma na kukimbia ndipo iwake.

Injini yake ilikuwa ya mipigo miwili: pistoni hupanda mara moja, hushuka mara moja, moto umeshawaka. Haina valvu, pistoni yenyewe hufungua na kufunga matundu. (Bodaboda za leo nyingi ni za mipigo minne.) Wengi walitegemea upepo kupoza injini, yeye akatumia maji. Mwaka 1912 na 1913 pikipiki za Scott zilishinda mbio za Kisiwa cha Man.

Alipenda pia kuingia mapangoni. Mwaka 1923 alitoka pangoni amelowa, akaendesha hadi nyumbani na nguo zile zile, nimonia ikamshika. Akafariki kabla ya kufika miaka 50. Penisilini iligunduliwa 1928, na sisi tulio wauguzi humu chamani tunaihesabu miaka hiyo mitano kwa uchungu.