Kazimierz Nowak: alivuka Afrika kwa kinga ili kulisha jamaa yake

Mwezi wa Novemba 1931, mwandishi mmoja kutoka Polandi aliondoka Tripoli, inchini Libya, juu ya kinga ya zamani. Alitaka kufika mwisho wa Afrika upande wa kusini. Nyuma yake hapakuwa serikali wala kampuni ya kumulipia safari.

Kazimierz Nowak alizaliwa mwaka wa 1897 huko Stryj, muji ambao leo uko Ukraine. Shida ya uchumi ilimukuta na bibi na watoto wawili wa kulisha. Kitu alichoweza kuuza kilikuwa picha na habari za safari. Yeye aliandika njiani. Bibi yake, Maria, aliyebaki Polandi, alipokea barua hizo na kuzipeleka kwa magazeti. Feza iliyotoka humo ndiyo ililisha nyumba.

Katika jangwa la Libya, mchanga ulizuia magurudumu, naye akalazimika kushuka na kusukuma kinga pamoja na mizigo yote. Kisha alifuata mto Nile mpaka Sudani, akaingia Congo ya Wabelgiji, akapita Rwanda, na mwaka wa 1934 akafika rasi ya Agulhas, Afrika Kusini.

Safari ingeweza kuishia hapo, lakini aliamua kurudi kwa njia ya bara. Huko Namibia ya leo, kinga ilivunjika na akapanda farasi. Congo ilimuona mara ya pili, safari hii akiwa ndani ya mtumbwi kwenye mto Kasai. Sahara nayo aliivuka tena, sehemu kubwa juu ya ngamia. Katika maandishi yake hakuficha namna wakoloni walivyodharau Waafrika.

Alifika Algiers mwezi wa Novemba 1936, kisha miaka mitano na kilometa karibu 40 000. Lakini malaria ilikuwa imemaliza nguvu zake. Tarehe 13 Oktoba 1937, alikufa huko Poznań kwa ugonjwa wa mapafu, akiwa na miaka 40.

Habari zake zilikusanywa katika kitabu mwaka wa 2000, na leo jina lake linasomwa kwenye ukuta wa gare ya Poznań. Watoto aliowatafutia chakula walimujua baba yao kwa barua muda wa miaka mitano. Aliporudi, hawakukaa naye hata mwaka mmoja.