Maisha ya Padre James Tompkins

Katika kitabu hiki cha ukumbusho wa miaka kumi tumeona vema kuwapa wanachama habari za padre mmoja wa nchi ya mbali. Hakulima kahawa wala pamba, lakini alipambana na shida anayoijua kila mkulima aliyepata kuuza mazao yake kwa bei ya kupangiwa.

Padre James Tompkins alizaliwa mwaka 1870 huko Margaree, katika jimbo la Nova Scotia, mashariki ya Kanada. Alipewa upadre mjini Roma mwaka 1902, akafundisha katika chuo kikuu cha Mtakatifu Fransisko Saveri mjini Antigonish, hata akawa makamu wa mkuu wa chuo. Alikuwa mtu mdogo wa umbo, asiyetulia. Mwaka 1921 alitoa kijitabu akidai kwamba elimu isifungiwe chuoni, bali iwafuate watu wa kazi mahali walipo. Baadaye akaunga mkono shauri la kuviunganisha vyuo vikuu vya sehemu zile kuwa kimoja. Askofu wake alilikataa, na mwisho wa mwaka 1922 Padre Tompkins, mwenye miaka 52, akaondolewa chuoni na kupelekwa Canso, bandari ndogo ya wavuvi. Wengi waliona kuwa ni adhabu, na kwa kweli ni vigumu kuipa jina jingine.

Huko alikuta umaskini mkubwa. Mvuvi alikopa vifaa na chakula kwa mfanyabiashara, na huyo huyo ndiye aliyenunua samaki wake kwa bei aipendayo. Msimu ulikwisha, deni likabaki pale pale. Padre hakuanza kwa kugawa sadaka. Alizunguka gatini na majumbani akiwapa watu magazeti na vijitabu, akiwauliza samaki wao huuzwa kwa kiasi gani wafikapo mjini, na faida ile humwendea nani. Miaka ikapita bila tunda la kuonekana; mtu mwingine angalichoka.

Tarehe 1 Julai 1927, Kanada ilipokuwa ikisherehekea miaka 60 ya muungano wake, wavuvi wa Canso walikutana wakatangaza kuwa wao hawana cha kusherehekea. Habari zikaenea magazetini, na serikali ikaunda tume ya uchunguzi. Mwaka 1928 chuo kile alichoondolewa kikaanzisha idara ya kuwaelimisha watu wa vijijini, chini ya Padre Moses Coady, binamu yake na mwanafunzi wake wa zamani. Mwaka 1930 Coady aliwaunganisha wavuvi wa pwani ile katika chama kimoja, United Maritime Fishermen.

Karibu na Canso kipo kijiji cha Little Dover, kilichokuwa fukara kupita vyote. Wavuvi wake walikaa kwanza wakajifunza hesabu za biashara yao, ndipo wakaingia msituni kukata miti kwa mikono yao, wakajenga kiwanda chao cha kutia kambakoche makoponi. Utaratibu ukawa huo kila mahali: watu wachache hukutana jioni, husoma, hubishana, kisha ndipo huchanga fedha. Vyama vingi vimekufa kwa kugeuza utaratibu huo.

Mwaka 1935 alihamishiwa Reserve Mines, penye machimbo ya makaa ya mawe. Hapo alifungua maktaba katika nyumba yake mwenyewe. Wachimbaji, waliozoea kupanga nyumba za kampuni, walijifunza kwa muda mrefu habari za ujenzi na mikopo, hata wakaunda vielelezo vya nyumba kwa karatasi ngumu kabla ya kugusa jiwe. Mwaka 1938 nyumba zao zilisimama, nao wakakiita kijiji kile Tompkinsville.

Padre Tompkins alifariki Antigonish mwaka 1953. Coady alimfuata mwaka 1959, na mwaka huo huo chuo kikuu kilianzisha taasisi iliyopewa jina lake, ambako viongozi wa ushirika kutoka Afrika na kwingineko wamekwenda kusoma. Jina la mwalimu wake limebaki kwa wachimba makaa.